Tangi langu la samaki wa maji chumvi, Kisauni, Mombasa: wiki ya 14

Leo asubuhi nimeng'oa kishungi cha mwisho cha mwani upande wa mbele wa jiwe kubwa. Kimetoka kizima mkononi, kimelowa, kinateleza kama nywele zilizoziba bomba la bafuni. Wiki ya 6 niliandika hapa kwa maringo kwamba tangi limetulia. Wapi!

Kwa asiyejua: tangi ni la lita 120, liko sebuleni, mbali na dirisha. Maji nayachota mwenyewe upande wa Nyali, siku za bamvua, bahari ikiwa imejaa, na sichoti baada ya mvua kubwa kwa sababu mitaro nayo huwa imemwaga yake humo. Mawe nilianza nayo makavu, na samaki ni wawili tu.

Wiki ya 3 mpaka ya 5 lilikuwa lile vumbi la kahawia, diatomu, yaani mwani mdogo usioonekana mmojammoja kwa macho. Nikifuta kioo usiku, kesho jioni limerudi. Hao hula silika, na mchanga na mawe mapya huwa nayo. Nikawaacha, silika ikaisha, wakapotea wenyewe.

Wiki ya 7 ndipo kijani kilipoingia. Kwanza nyuzi za urefu wa ukucha, halafu za kidole, na baada ya siku kumi mawe yote yameota ndevu na pampu imeanza kuguna. Mama akapita na kikombe chake cha chai, akasimama, akatazama. "Bahari iko hapo, nawe umeileta nyumbani ije iote nyasi."

Nikapima naitreti, chakula cha mwani: sifuri. Fosfeti, chakula chake kingine: karibu na sifuri. Hiyo sifuri ilinipotezea wiki mbili. Nilijiambia maji ni safi, basi kosa ni la taa. Kumbe kipimo hupima kilichobaki majini, hakipimi kilichokwisha kuliwa. Ni kama kukuta sufuria tupu ukasema leo hapakupikwa wali, na watoto wamelala hapo mbele yako matumbo yamewajaa.

Taa nikaipunguza kutoka masaa 11 kwa siku hadi 7, na chakula kikawa chembe chache mara moja kwa siku. Mwani ukapunguza mbio, haukufa. Ami yangu, mvuvi wa miaka mingi, akaja na dawa yake: "Tia tasi, mwanangu. Huo wote atautafuna." Kweli tasi ni samaki anayependa mwani, yeyote aliyewahi kumpasua tumbo anajua lina nini. Lakini tasi mzima ndani ya lita 120 ni kama kuegesha matatu ukumbini, na ile miba yake ina sumu, nami mkono wangu uko mle kila siku. Nikanunua konokono wanane badala yake, kwa mvuvi wa samaki wa mapambo mwenye leseni. Kwenye hifadhi ya bahari sigusi hata kombe.

Jibu lenyewe nilikuja kulipata kwa kipande cha teepu. Nilikibandika kwenye kioo usawa wa maji, kesho yake nikapima yamepungua kiasi gani: lita mbili! Joto hili letu, tena nimeweka feni juu ya maji ili yashuke kutoka nyuzi 30 hadi 27. Kinachopaa ni maji matupu. Chumvi na kila kilichoyeyuka kinabaki. Na mimi kila asubuhi nafidia kwa maji ya kisima, ya wale vijana wa mikokoteni. Lita mbili kwa siku ni lita 60 kwa mwezi, nusu ya tangi.

Sikuwahi kuupima huo mtungi. Nilipoupima, naitreti ilikuwa miligramu 40 kwa lita. Piga hesabu: 60 mara 40 ni miligramu 2,400, gawa kwa lita 120, ni 20 kwa kila lita kila mwezi, hata samaki wasipolishwa. Visima vyetu viko jirani na vyoo vya shimo, sijui nilitarajia nini. Nilikuwa natia mbolea kwa mkono wangu mwenyewe, halafu namlaumu samaki. Na kwa kuwa maji yale yana chumvi, kipimo cha uchumvi nacho kilikuwa kimepanda kimyakimya kutoka 1.025 hadi 1.027 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi).

Sasa nafidia kwa maji yaliyochujwa kwa mashine, ya duka la kujazia mitungi. Ile kalamu ya kupimia vitu vilivyoyeyuka ilisoma 1,900 kwenye maji ya kisima. Haya yakasoma 28. Mitungi mitatu ya lita 20 kwa mwezi, basi. Pesa niliyotupa kwenye chupa za dawa za mwani ingeninunulia maji hayo mwaka mzima.

Kazi ya mikono ilibaki palepale. Jumapili tatu mfululizo nilitoa jiwe mojamoja, nikalisugua kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe (maji yasiyo na chumvi huua bakteria wanaosafisha tangi), ndoo ikawa kama mchuzi wa mchicha. Kisha natoa lita 25, natia mpya za Nyali.

Wiki ya 12 stima ilipotea tangu magharibi hadi alfajiri, pampu ikasimama. Siku chache baadaye pembe moja ikafunikwa na utando mwekundu wa kiza, wenye viputo ikifika alasiri. Hiyo ni sianobakteria, bakteria wanaofanana na mwani, mwani si mwani. Niliunyonya kwa mpira, nikageuza pampu ielekee pembe hiyo, haujarudi.

Leo naitreti ni 5, na kwa kuwa mwani umebaki kidogo, sasa naiamini hiyo namba. Uchumvi ni 1.025. Kioo cha nyuma sikukisugua. Konokono nao wale nini?

Ami amepita jana kuangalia, akauliza kama tasi nimemtia. Nimemwambia bado. Ijumaa ataniletea mmoja, wa kukaanga.