Nimerudi Tanga kutoka Khartoum: jibu langu kwa wazee wa barazani

Tangu nirudi Tanga baada ya miaka mingi ya masomo, kwanza Khartoum na kisha Cairo nilikokwenda kwa sababu ya vita, swali ninaloulizwa barazani baada ya swala ya alasiri ni lile lile: inakuwaje Waislamu kwa Waislamu wauane namna ile? Wazee wetu huuliza kwa uchungu, na wanastahili jibu la kina. Vita vya Sudan havikuzaliwa msikitini wala havitokani na tofauti za madhehebu. Vimezaliwa kambini, ndani ya jeshi lililozoea kutawala, na baadaye likazoea kufanya biashara.

Sudan ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956, na haikutimiza hata miaka 3 kabla ya Jenerali Ibrahim Abboud kushika madaraka, Novemba 1958. Jaafar Nimeiri akafuata mwaka 1969, kisha Omar al-Bashir tarehe 30 Juni 1989. Raia waliwang'oa Abboud mwaka 1964 na Nimeiri mwaka 1985 kwa migomo na maandamano, lakini serikali za kiraia zilizofuata hazikudumu. Wasudani wa rika la baba yangu bado wanamtaja kwa heshima Jenerali Suwar al-Dahab, aliyekabidhi madaraka kwa waliochaguliwa mwaka 1986 kama alivyoahidi. Kwamba jambo hilo linakumbukwa mpaka leo linaonyesha jinsi lilivyo adimu.

Bashir, kwa kuwa aliingia kwa mapinduzi, alilihofia jeshi lake mwenyewe. Wanamgambo wa Janjaweed, waliopewa silaha kuanzia mwaka 2003 kuzima uasi wa Darfur, magharibi mwa Sudan, na wakateketeza vijiji vya watu, ndio walioundiwa kikosi rasmi cha RSF (Rapid Support Forces, yaani vikosi vya msaada wa haraka) mwaka 2013, chini ya Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu kama Hemedti, ili kiwe ngao ya rais. Hemedti akajitajirisha kwa dhahabu ya machimbo ya Jebel Amer huko Darfur na kwa kupeleka wapiganaji Yemen. Jeshi nalo lilikuwa na makampuni yake, na baada ya Bashir kung'olewa mwaka 2019, Waziri Mkuu wa kiraia Abdalla Hamdok alipotaka yawekwe chini ya serikali ya kiraia, aligusa mfuko wa wenye bunduki.

Tarehe 25 Oktoba 2021, mkuu wa jeshi, Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, na Hemedti waliipindua kwa pamoja serikali hiyo. Miezi iliyofuata, kila siku ya maandamano, tulikuta madaraja ya Mto Nile yamezibwa kwa makontena ya bandarini, vijana wa Omdurman wasiweze kuvuka kuelekea ikulu. Karibu na hosteli yetu, mama mmoja muuza chai aliwahudumia askari wa pande zote mbili, wa jeshi na wa RSF, wakiwa wamekaa bega kwa bega kwenye vile viti vifupi vya kamba, wakipokezana kopo la sukari. Niliwaona hivyo wiki chache tu kabla ya vita, kwa hiyo siwezi kukubali maelezo kwamba watu hawa walichukiana tangu asili.

Kilichowagawa ni mabosi wao. Katika mazungumzo ya kurejesha utawala wa kiraia, jeshi lilitaka RSF iunganishwe nalo ndani ya miaka 2, na RSF ikataka miaka 10. Asubuhi ya tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, risasi zikaanza kurindima kusini mwa jiji, nasi tukafungia saumu na kufuturu chini ya vitanda, mpaka tulipopata basi la kuelekea mpaka wa Ethiopia.

Machi 2025 jeshi liliitwaa tena Khartoum, na Oktoba mwaka huo huo RSF ikauteka mji wa El Fasher, huko Darfur, kwa mauaji ya kutisha. Mamilioni wamehama makwao. Lakini linalonitia hofu zaidi ni kwamba jeshi, likitafuta ushindi, limekusanya tena makundi yenye silaha nje ya safu zake: waasi wa zamani wa Darfur, brigedi za wafuasi wa utawala wa Bashir, na hata kikosi cha Abu Aqla Keikal, aliyeihama RSF Oktoba 2024. Kila kundi lina kamanda wake, na kila kamanda atadai fungu lake.