Wageni Watano na Mlango Usiofunguka

Vijana wa mtaa wetu hapa Lamu wanaandaa mchezo wa kuigiza, nao wameniletea daftari lao nilisome kabla ya kuanza mazoezi. Kisa ni cha vijana watano wasiojuana, wanaoamka asubuhi moja na kujikuta ndani ya nyumba kongwe ya mawe huko Mkomani, mtaa wa mji wetu wa kale. Mlango wa mbele haufunguki, ngazi ya kupandia darini, yaani juu ya paa, imezibwa kwa kifusi, na hakuna hata mmoja anayejua alifikaje humo. Mchezo nimeupenda. Nina neno, hata hivyo, juu ya namna hao watano wanavyoishi humo ndani, na kwa kuwa neno lenyewe halitoshi kuandikwa pambizoni mwa daftari, nimeona niliandike hapa.

Kufikia ukurasa wa tatu, Mgeni wa Kwanza ameshamkaba Mgeni wa Pili. Naelewa kwa nini: jukwaa linataka vurumai, na watazamaji wa Lamu hawana subira na mchezo wa watu wanaoulizana hali. Lakini watu wasiojuana wakifungiwa pamoja hawaanzi kwa kukabana, bali huanza kwa adabu iliyopita kiasi. Kila mmoja humwachia mwenzake mahali pazuri pa kulala, kila mmoja hudai ameshiba, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuonekana anaogopa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi naona hesabu hiyo ndiyo ingefaa kuupanga mchezo huu, kwani ugomvi wa kweli huanza pale adabu ya ugeni inapokwisha na jembe bado halijapatikana.

Hayo niliyaona Malindi mwaka 2020. Nilikuwa nimekwenda huko kwa kibarua kifupi, nikapanga chumba katika nyumba yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, choo na mfereji vikiwa uani. Wapangaji wenzangu sikuwajua: dada mmoja wa Kakamega aliyekuwa akijifunza kazi hotelini, kijana wa Nakuru aliyeshuka pwani kutafuta riziki, mwendesha tuktuk kutoka Garsen, na mwanafunzi ambaye chuo chake kilikuwa kimefungwa. Tarehe 8 Aprili, kwa sababu ya korona, serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale, na kwa kuwa Malindi iko Kilifi, sisi wapita njia tukawa wakazi bila ya kuulizwa. Kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Mwanzoni tulikuwa watu wa karibu na ahsante. Jiko la makaa lilikuwa moja, na kila aliyepika alipakua kidogo akawabishia hodi wenzake. Kisha, bila ya tukio lolote, sahani zikaanza kuadimika. Usiku ndio uliokuwa mgumu. Baada ya kafyu kila mmoja aliingia chumbani mwake, na kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba nilimsikia mwenzangu akimwongopea mamake kwa simu kuwa kazi bado ipo na mshahara unakuja. Asubuhi yake tulisalimiana mferejini, naye akaniuliza kama nililala vyema, nami nikajibu kwamba nililala fofofo.

Ugomvi wa kwanza haukuwa juu ya maradhi wala pesa. Ulikuwa juu ya majivu. Aliyepika jana yake hakuyamwaga, na aliyeamka mapema akakuta jiko limejaa, akayakung'uta yote mbele ya mlango wa mwenzake pasipo kusema neno. Siku nzima watu wakayaruka majivu yale kuingia na kutoka, na hakuna aliyeyafagia, kwa sababu kuyafagia kungekuwa ni kukiri kosa ambalo hakuna aliyetaka liwe lake. Jioni yule dada wa Kakamega, ambaye ndiye aliyekuwa mdogo wetu sote kwa umri, alichana kipande cha katoni akaandika zamu: maji, jiko, choo, ufagio. Alikitundika kwenye msumari karibu na mfereji na akarudi chumbani mwake. Nyumba ikatulia, si kwa mapenzi, bali kwa kuwa kila mtu sasa alijua anachomdai mwenzake na anachodaiwa.

Wachimba migodi 33 waliofukiwa katika mgodi wa San José huko Chile tarehe 5 Agosti 2010 walipita njia hiyo hiyo katika hali ya kutisha zaidi. Kwa siku 17 za mwanzo hakuna aliyekuwa juu ya ardhi aliyejua kama wangali hai, na chakula chao kilikuwa vijiko viwili vya samaki wa kopo, maziwa kidogo na biskuti kila baada ya saa 48. Waligawana kazi, walipiga kura juu ya mambo makubwa, na mmoja wao aliwaongoza katika sala. Mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 19. Mivutano baina yao ilizidi baada ya kupatikana, chakula na barua zilipokuwa zinashushwa kutoka juu, na hilo halinishangazi hata kidogo, maana mtu aliyeshiba ana nafasi ya kuhesabu makosa ya jirani.

Kwa upande wa nyumba yenyewe, vijana wetu wana bahati ambayo hawajaitumia. Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa ili isitiri. Ukuta wa nje hauwapi wapita njia chochote cha kutazama; anayeingia hupita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, kisha tekani, kijiukumbi cha kuingilia, ndipo akifikie kiwanda, yaani ua wa ndani inakotoka nuru. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwani upana wake unafuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Maji hayakosekani, kwa kuwa kuna kisima na birika ambalo wazee waliweka ndani yake visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Kinachokosekana ni kuona nje. Sauti ziko tele: kwato za punda, mchi wa jirani, watoto wakitoka chuoni wanakosomea Kurani, wanawake wakisemezana kutoka dari moja hadi nyingine. Katika daftari wale watano wanapiga mayowe na hakuna anayewasikia, na jambo hilo limepitishwa kwa mstari mmoja. Katika mji ambao punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu uchochoroni, kutosikika ni ajabu kubwa kuliko mlango uliokwama. Ningekuwa mimi, mchezo mzima ningeuegemeza hapo: watano wale wanausikia mji, wanayasikia hata majina yao wenyewe yakiitwa na wanaowatafuta, lakini mji hauwasikii wao.

Sauti hizo pia huwashikia saa. Mfaransa Michel Siffre, akiwa na umri wa miaka 23, alijifungia peke yake bila ya saa katika pango la Scarasson kwenye milima ya Alps mwaka 1962. Alitoka tarehe 14 Septemba, ilhali kwa hesabu yake mwenyewe ilikuwa bado tarehe 20 Agosti. Wageni wa Mkomani wana adhana mara tano kwa siku, na kama wana busara watazipanga siku zao kwa nyakati hizo, Mwislamu na asiye Mwislamu. Malindi, Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili, sote tuliingojea magharibi kwa hamu, hata kijana wa Nakuru ambaye mchana alikuwa amekula ugali wake.

Limebaki suala la sababu. Wachimba migodi walijua kuwa mlima umeporomoka. Sisi tulijua kuna maradhi, ingawa mwisho wake haukujulikana. Watano wa daftari hawajui lolote, na asiyejua aliyemfungia humshuku aliye karibu naye. Kwa hiyo nimeshangaa kwamba katika mchezo mzima hakuna anayemuuliza mwenzake yeye ni mtoto wa nani. Lamu hii! Hapa watu wawili hawamalizi kikombe cha kahawa kabla ya kutafutiana shangazi huko Siyu au mjomba huko Faza, kisiwani Pate, na huyo mjomba akipatikana shaka hupungua nusu. Nadhani hapo televisheni ndiyo iliyowaandikia.

Ugomvi nao uingie, lakini upatiwe utaratibu. Wavulana sita wa Tonga, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, waliotoroka shule ya bweni mwaka 1965 kwa mashua ya wizi, wakasukumwa na dhoruba hadi kisiwa cha 'Ata kisicho na watu, waliishi huko zaidi ya mwaka mmoja mpaka nahodha Peter Warner alipowaona mwezi Septemba 1966. Waliokosana walitengana, kila mmoja upande wake wa kisiwa, hadi hasira zitulie, kisha wakarudi kupatana. Nyumba ya Mkomani ina orofa mbili, na hizo zatosha. Wavulana hao waliporudi nyumbani walitiwa korokoroni, kwa sababu mwenye mashua alikuwa hajasahau.

Daftari linakwisha mlango unapofunguka. Mimi ningeongeza onyesho moja. Malindi, njia zilipofunguliwa mwanzoni mwa Juni, kijana wa Nakuru aliondoka alfajiri bila ya kumuaga mtu, na dada wa Kakamega alikasirika kuliko siku ya majivu. Basi na watano hawa wakutane Mkunguni, mbele ya ngome, miezi kadhaa baadaye, kila mmoja akiwa na jamaa zake, nao wasite kama wasalimiane au wapitane. Muuza kahawa amuulize mmoja wao alikuwa wapi siku zote hizo, naye ajibu kwamba alikuwa Malindi.