Nilivyohangaika miezi minne kupata panya wenye mimba ya tarehe inayojulikana

Nyumbani panya wanazaana bila kualikwa, unaua wawili leo kesho unasikia familia nyingine darini. Sasa subiri uwe unasoma masters, umenunua panya weupe kwa hela yako ya mfukoni, unawalisha, unawabadilishia maranda, halafu unataka wabebe mimba siku unayotaka wewe. Ndo utajua kumbe panya naye ana masharti yake.

Mradi wangu ulikuwa hivi: kwetu kijijini kuna mizizi akina mama wanachemsha na kunywa mimba ikishakuwa kubwa, wanasema uchungu unakuwa mwepesi. Mti wenyewe siutaji hapa maana kuna mtu ataenda kuuchimba. Nikataka kuwapa panya wenye mimba nione inakuwaje, kwenye karatasi ilikaa vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba mimba ya panya ni siku 19 mpaka 21 hivi, kwa hiyo ukikosea siku moja tu ni kama umemkosea mwanamke karibu wiki mbili. Kiinitete kinajishika kwenye mji wa mimba kama siku ya nne na nusu, viungo vinatengenezwa kati ya siku ya 6 na ya 15, yaani kila kitu kinaenda mbio, na kama hujui mimba imeingia lini hata hiyo dozi unampa kwa hesabu gani.

Mwezi wa kwanza nilifanya kama nafuga kuku, majike ishirini nimewarundika kwenye keji tatu, nikasubiri wakomae, siku nikiamua naweka dume. Wiki nzima hakuna kitu. Nikaanza kuwapima mzunguko, unaingiza tone la maji ya chumvi kwa pipeti ukeni, unalirudisha, unaweka kwenye slaidi, unaangalia kwenye darubini. Mzunguko wa panya ni siku nne hadi tano, akiwa kwenye joto, yaani yuko tayari kupandwa, unaona seli bapa zilizokauka zisizo na kiini zimejaa kama chips zilizovunjika, akiwa nje ya joto unaona seli nyeupe za damu ndogondogo tele. Mimi kila asubuhi ni seli nyeupe tu. Ishirini wote. Nikajua nimeuziwa panya wagonjwa, nikalala na huzuni.

Kumbe ni jambo linalojulikana tangu miaka ya 1950, majike wakikaa wengi pamoja bila dume mzunguko unavurugika au unasimama kabisa. Na dawa yake wala hainunuliwi dukani, ni mkojo wa dume. Unachukua maranda machafu ya keji ya dume, yale yanayonuka kweli, unayatupia kwenye keji ya majike, na usiku wa tatu wengi wanaingia joto kwa pamoja. Nilimwambia mzee anayetutunzia wanyama "mzee, kuanzia leo maranda ya madume usiyatupe", akaniangalia, akasema "mwanangu, chuo ndo wanawafundisha hivi?" Alicheka siku mbili.

Kitu kingine kilikuwa mwanga. Panya wanapandana usiku, wanataka giza la kweli na ratiba isiyobadilika. Nilikuwa nalaumu umeme kukatika, ila sisi huku karibu na ikweta mchana na usiku karibu zinalingana, hata taa zikizimika mchana dirisha linasaidia. Mchawi alikuwa taa ya ulinzi nje, inawaka usiku kucha na inapiga moja kwa moja kwenye rafu ya majike. Nikanunua nailoni nyeusi na gundi ya karatasi, kazi ikaisha kwa saa moja.

Baada ya hapo nikaanza kuona vizibo. Kwa asiyejua, dume akishapanda, majimaji yake yanaganda yanakuwa kama kipande cha nta kinaziba njia ya jike, asubuhi ukimwinua mkia unakiona cheupe au cha njanonjano. Lazima uwahi, maana ndani ya saa kadhaa kinadondoka, mimi saa moja kamili asubuhi nilikuwa nimeshafika na chai sijanywa. Tunahesabu kwamba wamepandana usiku wa manane, kwa hiyo ile siku ya kizibo ikifika saa sita mchana ni nusu siku ya mimba. Siku ya kwanza nilipata vizibo kumi na moja kwa ishirini, nilimpigia supavaiza simu kama nimepata mtoto mimi mwenyewe.

Siku ya kumi nikawapima uzito. Walioongezeka watatu. Watatu tu aisee! Najua kizibo siyo mimba, kizibo ni ushahidi kwamba kitendo kimefanyika basi, lakini nane kupotea siyo bahati mbaya. Nikarudi kwenye daftari langu nikaangalia nilifanya nini, nikakuta keji zilikuwa zimeniishia, kwa hiyo majike baada ya kupandwa niliwahamishia kwenye keji walizotoka madume wengine, na maranda sikubadilisha kwa sababu ya kubana matumizi. Mwaka 1959 kule London mtafiti anaitwa Hilda Bruce aliandika kwamba jike aliyetoka kupandwa akinusa dume mgeni kabla mimba haijajishika, mimba inakatika, anarudi kwenye joto. Harufu ya mume wake haimdhuru, ameshaizoea. Kwa hiyo mimba nane nilizitoa mimi mwenyewe kwa ubahili wa maranda ya shilingi ngapi sijui. Tangu siku hiyo jike akishakuwa na kizibo nilimhamishia keji iliyooshwa, maranda mapya, mbali na rafu ya madume.

Sasa katikati ya hayo yote ikaja siku ya kutetea proposal, na mama mmoja kwenye jopo akaniuliza swali lililonitoa jasho: "Binti, unajua uchungu wa panya unaanzaje?" Mimi kimya. Akanieleza kwa upole kabisa. Panya mimba yake yote inategemea projesteroni, homoni inayotunza mimba, inayotoka kwenye ovari, ukitoa ovari mimba inaharibika, na siku za kuzaa zikikaribia ile homoni inashuka ndo uchungu unaanza. Mwanamke baada ya wiki kadhaa kondo la nyuma linachukua hiyo kazi, na anapoanza uchungu projesteroni kwenye damu haijashuka. Simbilisi ndo anafanana na sisi hapo, hata kondo lake liko karibu zaidi na letu, na watoto wake wanazaliwa na manyoya na macho wazi. Ila mimba ya simbilisi ni zaidi ya miezi miwili, na mimi hela ya kulisha panya tu ilikuwa inanitoa machozi.

Akanikumbusha na ile dawa ya thalidomide, ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi 1957, panya walionekana hawana shida nayo, akina mama wajawazito wakaimeza, halafu watoto zaidi ya elfu kumi duniani wakazaliwa na viungo vilivyoharibika. Nikatoka mle nikafuta lile swali la uchungu mwepesi kwenye kichwa cha utafiti. Iliniuma kwa sababu ndo swali alilokuwa anauliza bibi yangu. Nikabaki na kitu ambacho panya anaweza kunijibu, kwamba dozi hizi zikitolewa siku ya 6 hadi ya 15 watoto wanapungua au wana kasoro au hapana, na hata jibu likiwa "hapana" siwezi kwenda kijijini kuwaambia akina mama kunyweni.

Raundi ya mwisho vizibo kumi na vinne, mimba kumi na mbili. Wale niliowaacha wazae wenyewe mzee alikuwa ameandika tarehe zao ukutani kwa chaki. Siku ya 19 saa kumi na mbili asubuhi akanipigia, hata salamu hakutoa: "Njoo, keji ya nne wapo tisa, wekundu kama vidole."