Doria ya usiku si ya wanaume peke yao

Katika kituo chetu cha polisi, mtoto aliyepotea akihitaji kubembelezwa, jina langu ndilo la kwanza kuitwa. Ikifika doria ya usiku naambiwa, "Wewe dada pumzika, huko kuna hatari." Mafunzo tulipita yale yale! Fulana ya kuzuia risasi niliyopewa imeshonwa kwa kifua cha mwanamume. Nikiinama inanikaba shingoni. Nilipolalamika walicheka, mmoja akaniambia nitafute mume. Iliniuma sana.

Mwaka 2023 ripoti ya uchunguzi huru ulioongozwa na Louise Casey kuhusu polisi wa London ilitamka wazi kwamba ubaguzi dhidi ya wanawake umejengeka ndani ya taasisi. Niliisoma nikajiona humo. Dada zangu wa kazi hii, pelekeni malalamiko kwa maandishi, na nakala mbaki nayo.