Lugha ya pili haiskuli isiwe ya hiari

Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani, kila msimu wa watoto kuchagua masomo ukifika mabishano ni yale yale, eti lugha ya kigeni isiwe sharti la kumaliza haiskuli, anayependa asome na asiyependa aachwe asome vingine. Mi siafiki hata kidogo.

Huku hakuna sheria ya nchi nzima, kila jimbo linajipangia. Michigan kimsingi wanataka krediti mbili, yaani kama miaka miwili ya somo, New York moja, California wameiweka lugha kapu moja na sanaa, mtoto anachukua kimoja yamekwisha. Texas wanataka mbili ila lugha za kompyuta nazo zinahesabiwa, na Florida mwaka 2016 Seneti ilipitisha mswada wa namna hiyo hiyo, bahati nzuri ukakwama kule bunge la chini. Kujua kuandika programu ni kitu kizuri sana, sikatai, lakini lugha ya kompyuta kama Python haina bibi wa kumpigia simu.

Sasa shida ya hiari iko hapa, na wazazi wengi tuliotoka nje hatuijui. University of California inataka mwombaji awe amesoma lugha miaka 2 haiskuli, tena wanasema 3 ni bora zaidi, wakati jimbo lenyewe halimlazimishi kusoma hata mwaka mmoja ili apate diploma, yaani cheti cha kumaliza haiskuli. Yaani mtoto anamaliza vizuri, joho kavaa, picha mmepiga, halafu kumbe hana sifa za kuomba chuo alichokitaka. Mzazi aliyesoma huku anajua mapema anamsukuma mwanawe achukue Kispania tangu darasa la tisa, ila sisi tunaletewa fomu jioni, mtoto katiki walichotiki rafiki zake, unasaini juu juu huku unageuza chapati, na mshauri wa shule ana mamia ya wanafunzi, saa ngapi atakupigia akueleze? Ingekuwa sharti kila mtoto angesoma, awe na mzazi anayeujua mfumo au asiwe naye.

Halafu somo la hiari ndo la kwanza kukatwa bajeti ikibana. Vyuoni wameshaanza, kati ya 2016 na 2021 wanaosoma lugha zisizo Kiingereza walipungua zaidi ya asilimia 16, na 2023 West Virginia University ikafuta shahada zake za lugha za kigeni. Wakipungua huko juu, walimu wa haiskuli watatoka wapi? Na shule ikikosa mwalimu inasema somo halina wanafunzi, unazunguka hapo hapo tu.

Najua mtaniambia miaka miwili haitoshi, mtoto anatoka anajua kusalimia na kuhesabu mpaka ishirini. Ni kweli kabisa, tena hesabu yake ni rahisi, kipindi cha dakika 45 kwa siku 180 ni saa 135 kwa mwaka, miaka miwili 270, wakati wanadiplomasia wa Marekani wanapewa saa zaidi ya 600 darasani kwa Kispania, na Kichina au Kiarabu 2,200. Kwa hiyo dawa ni kuanza mapema, shule ya kati au hata msingi, na sharti lenyewe lipime mtoto anaweza nini badala ya kuhesabu miaka aliyokaa kwenye kiti. Mbona hesabu haifutwi kwa sababu watoto wanaisahau?

New Jersey hapo wamenifurahisha, wanataka krediti 5 kwa mahesabu yao, ambazo ni kama mwaka mzima wa somo, au mtoto aonyeshe kwa mtihani kwamba lugha anaiweza. Maana yake mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani naye anaweza kupata chake bila kuanza Kifaransa upya. Kuna pia ule muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye diploma ya mtoto anayemudu Kiingereza na lugha nyingine, California waliupitisha kisheria 2011 na majimbo mengine yakafuata, ila wapo watoto wetu wengi wanaoukosa tu kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo fomu ikija mwaka huu usisaini kwanza, mpigie mshauri wa shule muulize kama wana mtihani wa Kiswahili, na kama hawana uliza nani anaweza kuuleta. Mikutano ya bodi ya shule nayo iko wazi na wazazi wanapewa dakika za kuongea, tujae huko jamani, sio kulalamika kwenye magrupu tu.