Magunia 3,000 ndani ya kilobaiti 640

Leo nimepita Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, harufu ya dagaa ikanirudisha kwenye ile kompyuta ya zamani ya mjomba, yenye prosesa ya 386. Alitaka programu ya kutunza hesabu ya magunia yake. Nikaiandika kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu: taarifa za kila gunia baiti 40, magunia 3,000. Ikagoma kabisa!

Piga hesabu uone: ni baiti 120,000, na Pascal ile haikubali jedwali moja lizidi kilobaiti 64, maana prosesa ikiwa kwenye DOS, mfumo endeshi wa wakati ule, inaisoma kumbukumbu kwa vipande vya ukubwa huo. Siku tatu nilihangaika.

Kisha nikaona njia. Jedwali libebe anwani tu za mahali taarifa zilipo kwenye kumbukumbu, baiti 4 kila moja, jumla 12,000. Taarifa zenyewe nikazitawanya kwenye nafasi iliyobaki chini ya kilobaiti 640, kikomo cha kumbukumbu ya kawaida ya programu za DOS. Ndivyo afanyavyo karani wa ghala: mkononi ana daftari, magunia yako kwenye mafungu yake. Nikaongeza mstari DOS=HIGH kwenye CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS, ili sehemu ya DOS yenyewe ihame kutoka nafasi hiyo; nafasi ikapanuka kidogo. (Napenda sana kazi ya kubana hivi, hadi leo.)

Orodha ikafunguka yote. Mjomba akasogeza kiti: "Mjomba, hebu nitafutie yale ya Ukerewe." Yakatokea.