Space Invaders imewaka tena

Jamani, ile mashine ya gemu iliyokuwa ikiozea stoo ya hoteli moja hapa Malindi imewaka! Space Invaders, gemu la mwaka 1978. Chumvi ya bahari ilishakula skrubu, mchwa nao wakamalizia mbao za chini.

Fundi akashauri tutie skrini bapa ya kisasa. Thubutu! Skrini yake ya asili ni nyeusi na nyeupe; zile rangi ni vipande vya nailoni ya kijani na nyekundu vilivyobandikwa kwenye kioo. Vyetu vilishapauka, nikakata vipya kwa wembe.

Kapasita, vile vijidude vya kutunza chaji ndani ya saketi, tumebadilisha. Ila bomba la picha, yaani lile chupa kubwa la kioo la skrini ya zamani, usiliguse ovyo: hata ukichomoa umeme, huweza kubaki na chaji ya kukurusha.

Watoto wa mtaa washaanza kugombania zamu.